Pumu ya mtoto: dawa ya bei rahisi ndiyo inayomaliza pesa

Kuanzia Mei hadi Agosti hivi, mikorosho ya Ruponda, wilayani Nachingwea, hupulizwa salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na unga ule huwasha koo na kubana mirija ya hewa ya mtu mwenye pumu. Ongeza moshi wa kuni na vumbi la barabara ya Nachingwea na Ruangwa, utaelewa kwa nini mzazi mwenye mtoto wa pumu asisubiri usiku wa kwanza wa kubanwa ndipo aanze kuulizia dawa.

Dukani watu wengi huomba "dawa ya kifua". Mara nyingi hupewa bahasha ya mchanganyiko: Piriton, vidonge vya salbutamoli, prednisoloni chache, wakati mwingine na antibayotiki juu yake. Bei yake haishtui. Lakini mtoto atabanwa tena wiki tatu baadaye, bahasha itanunuliwa tena, na mara moja kati ya hizo itakuwa safari ya bodaboda usiku kwenda hospitali ya wilaya. Nauli hiyo ni sehemu ya bei ya dawa, ila hakuna anayeiandika kwenye risiti.

Tuifungue bahasha hiyo. Piriton hupunguza mafua ya aleji na muwasho, na humletea mtoto usingizi, lakini haizuii pumu. Setirizini hufanya kazi hiyohiyo kwa usingizi mdogo zaidi. Kwa mtoto anayepiga chafya na kujikuna macho, ni heri kuongeza pesa kidogo upate setirizini, maana kesho atakuwa darasani. Antibayotiki haina kazi kwenye pumu, labda daktari awe ameona maambukizi.

Kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40 ya inhela, kwa sababu mpulizo mmoja ni mikrogramu 100. Dawa yote hiyo hupita tumboni na kwenye damu kwanza. Ndiyo maana mtoto hutetemeka mikono na moyo humwenda mbio, na nafuu huchelewa. Inhela inampa nafuu ndani ya dakika chache.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, ni dawa nzuri sana ikitumika mahali pake: shambulio kali, siku 3 hadi 5, kwa kipimo cha uzito alichoandika mganga. Ninachokataa ni kuinunua rejareja kila kifua kinapolia. Kozi zikirudiwarudiwa hudumaza mtoto, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Mzazi anayeogopa inhela ya steroidi huku akimpa mtoto prednisoloni mara nne au tano kwa mwaka anaogopa kisichostahili.

Dawa ya kinga dhidi ya pumu yenyewe ni steroidi ya kuvuta: beklometasoni au budesonidi. Haimtoi mtoto kwenye shambulio. Kazi yake ni kutuliza mirija siku baada ya siku, na inahitaji wiki moja au mbili kabla matokeo hayajaonekana. Wengi huiacha hapo katikati, wakisema haisaidii. Wengine huiacha mtoto akipata nafuu, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Kipimo hupunguzwa na mganga, kwa kawaida baada ya miezi 3 hivi ya utulivu.

Na madhara je? Yapo. Utando mweupe mdomoni huzuiwa kwa kusukutua na kutema kila baada ya dawa. Kimo kinaweza kupungua kidogo, kwa wengi chini ya sentimita 1 katika mwaka wa kwanza. Mimi naona hiyo ni bei ndogo kwa mtoto anayelala usiku kucha.

Sasa hesabu. Makopo mengi ya inhela yana mipulizo 200. Mtoto wa mpulizo 1 asubuhi na 1 jioni atalitumia siku 100. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, kopo ni shilingi 18,000: hiyo ni 180 kwa siku. Montelukasti, kidonge 1 kila jioni, tuseme pakiti ya vidonge 28 ni 14,000: hiyo ni 500 kwa siku. Bei utakazotajiwa wewe zitakuwa nyingine. Gawanya kwa siku, usilinganishe boksi kwa boksi.

Montelukasti pia ina jambo lake. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo zito, kwa sababu baadhi ya watumiaji hupata ndoto za kutisha, hasira, huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Tabia ya mtoto ikibadilika, rudi kwa mganga mara moja. Mimi ningeiweka nafasi ya pili, kwa mtoto aliyeshindwa kabisa kutumia inhela.

Kushindwa huko mara nyingi ni kukosa chemba ya kuvutia dawa, inayokaa kati ya inhela na mdomo. Ya dukani ni ghali, lakini utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chemba ya kununua. Ioshe kwa sabuni ya maji, iache ikauke yenyewe bila kufutwa. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi mara 5 au 6, kisha rudia. Usilipime kopo kwa kuelea majini, kipimo hicho hakiaminiki. Andika tarehe uliyolifungua na uhesabu siku.

Pesa za korosho huingia kati ya Oktoba na Desemba, na ufuta huuzwa karibu na msimu wa salfa. Minada ya chama cha ushirika cha RUNALI ikilipa, nunua kopo la kinga na la salbutamoli pamoja, ukiangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Aliye chini ya miaka 5 ana haki ya matibabu bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo anza hapo kabla ya kufungua pochi. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kichunguzwe kifua kikuu kabla hakijaitwa pumu. Mifuko ya salfa isilazwe chumba kimoja na mtoto.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikibadilika rangi, mpe mipulizo 2 ya salbutamoli kwa chupa, rudia kila dakika 20 mara mbili zaidi, na mfanye hivyo mkiwa tayari njiani kuelekea hospitali.