Niliikata filamu, nikaulizwa watoto wako wapi

KILA aliyewahi kukaa katika kibanda cha video anajua kuwa filamu inaweza kubadilishwa ikiwa safarini. Nchini Tanzania, marehemu Derek Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa akizitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe. Uganda kazi hiyo hufanywa na wanaoitwa VJ, na hapa Rwanda tunaiita agasobanuye.

Mimi nilikwenda hatua moja zaidi. Sikutia sauti tu, bali niliikata filamu yenyewe na kuiunga upya. Si jambo geni duniani. Mwaka 2001 kanda ya Star Wars iliyotoka 1999 ilizungushwa Marekani ikiwa imehaririwa na shabiki, ambaye alipunguza vituko vya Jar Jar Binks kwa kuwa vilimkera. Tangu hapo mashabiki wengi wamekaa mbele ya kompyuta zao kurekebisha filamu wanazozipenda.

Filamu niliyoichagua ni Metropolis, iliyoongozwa na Fritz Lang wa Ujerumani na kuonyeshwa mara ya kwanza Berlin Januari 1927. Ni filamu bubu, kwa hiyo maelezo yake huja kwa maandishi katikati ya picha. Inasimulia mji wa siku zijazo ambamo matajiri wanaishi juu, kwenye maghorofa na bustani, na wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi. Mvumbuzi mmoja anatengeneza roboti na kuipa sura ya Maria, msichana anayependwa na wafanyakazi, ili iwapotoshe.

Nilipoanza kuifuatilia niligundua kuwa filamu hii imekatwa na watu wengi kabla yangu. Siku ya kwanza ilikuwa na urefu wa saa mbili na nusu hivi. Kampuni ya Marekani iliyoisambaza iliifupisha, na Ujerumani nako ikafupishwa. Sehemu iliyoeleza kuwa mvumbuzi na mtawala wa mji walimpenda mwanamke mmoja, aitwaye Hel, iliondolewa, na chuki ya mvumbuzi ikabaki haina sababu. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder alitoa toleo lake lenye rangi na nyimbo za pop. Kisha mwaka 2008 nakala ndefu iliyojaa mikwaruzo ilipatikana katika jumba la makumbusho la sinema mjini Buenos Aires, Argentina. Kutokana nayo dakika 25 hivi zilirudishwa, na toleo hilo likaonyeshwa Berlin Februari 2010.

Nilianza na diski ya toleo hilo. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutoigusa nakala ya asili. Unafanyia kazi nakala ya pembeni. Ya pili ni kuiangalia filamu yote ukiwa na daftari, ukiandika kila tukio na dakika yake. Baada ya hapo nilitumia Kdenlive, programu ya uhariri isiyouzwa, kuondoa maandishi ya kigeni na kuweka ya Kiswahili. Sauti yangu niliirekodi usiku nikiwa nimejifunika blanketi ili mwangwi usiingie. Kutoka saa mbili na nusu nilibakiza dakika 65, nikajipongeza.

Nilionyesha kazi yangu nyumbani kwa ndugu yangu, karibu na mpaka wa Rusumo. Walikuja watu kama 20, wengi wao wafanyabiashara wanaovuka daraja karibu kila siku kufuata mchele na maharage. Walicheka pale wazee walipomkodolea macho roboti akicheza. Walinyamaza wafanyakazi walipovunja mashine kuu, maji yakaanza kuingia katika mji wa chini ambako walikuwa wamewaacha watoto wao. Msimamizi akawauliza wazazi watoto wako wapi. Kisha roboti akachomwa moto, watu wakapatana, taa ikawashwa.

Mama mmoja hakuinuka. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hao watoto walifika wapi?"

Nilimjibu kuwa waliokolewa, ila niliifupisha sehemu hiyo kwa sababu ni ndefu na watu wangechoka. Akanitazama. Akaniambia kuwa yeye alivuka daraja la Rusumo Desemba 1996, katika msafara mkubwa wa waliorudi kutoka kambi za Ngara, na kwamba mwanawe wa miaka sita alimponyoka mkononi kwenye umati. Alimpata siku ya tatu. "Wewe umeniacha ile siku ya pili," akasema, akachukua kanga yake na kwenda zake.

Nilikuwa nimewalaumu wasambazaji wa 1927 kwa kuondoa sababu ya chuki ya mvumbuzi, kumbe na mimi nimeondoa faraja ya wazazi. Tena baadhi ya vipande vilivyopatikana Buenos Aires ni vya uokoaji huo huo. Watu walivitafuta miaka mingi, mimi nikavitupa kwa usiku mmoja.

Nilirudi kwenye kompyuta. Nilirudisha Maria akipiga kengele kubwa uwanjani, watoto wakimkimbilia na kumng'ang'ania, na Freder na Josaphat wakiwapandisha juu. Hapo sikuweka neno langu hata moja. Filamu sasa ina dakika 88. Yule mama aliletewa habari, akaja na mwanawe, ambaye siku hizi ni dereva wa lori. Waliangalia hadi mwisho.

Mfanyabiashara mmoja aliniomba nakala 100 akauze ng'ambo. Nilikataa. Marekani filamu hii imekuwa mali ya umma tangu Januari 1, 2023, lakini Ujerumani inalindwa hadi mwisho wa 2046, kwani Lang alifariki 1976 na sheria yao inahesabu miaka 70 baada ya kifo. Muziki uliorekodiwa upya nao una wenyewe. Bidhaa inaweza kuwa halali upande mmoja wa mpaka na haramu upande wa pili. Hilo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni huu. Andika mwanzoni kuwa filamu imehaririwa, na na nani. Tunza ulivyovikata. Na kabla ya kufuta tukio kwa sababu limekuchosha wewe, mwonyeshe kwanza mtu mwingine, kwani huenda ndilo alilolijia.