Kope za Mumbi: Kuchagua Kamera ya Kuvuta Mbali kwa Safari ya Mikumi

Ndege aitwaye mumbi ana kope. Ni manyoya yaliyogeuka kuwa kama nywele, nyeusi, ndefu, zimepinda juu ya jicho kama za bibi harusi. Tulimkuta kwenye uwanda wa Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, saa moja na robo asubuhi, anatembea taratibu majanini akitafuta panzi, mita kama arobaini kutoka kwenye gari. Tulikuwa na kamera mbili za kuazima, zote za kuvuta mbali, na zote tulizilaza juu ya mfuko wa maharage dirishani. Jioni, picha zilipokuzwa kwenye kompyuta, kamera moja ilitoa kope moja moja, unaweza kuzihesabu. Nyingine ilitoa mstari mweusi uliovimba. Asiyejua angesema ndege kapakwa wanja.

Safari ile ilikuwa na shughuli. Shule moja ya sekondari huku Kilosa ina klabu ya Malihai, na wazazi walikuwa wamechangishana kununua kamera moja. Moja tu. Nikaombwa niseme ipi. Pesa ya michango haina mchezo, kwa hiyo nilitaka kuwa na hakika kabla mtu hajapanda treni kwenda Kariakoo.

Dukani kitu cha kwanza utakachoambiwa ni “inavuta mara ngapi”. Mara 60, mara 83, mara 125. Namba hizo ni za kweli lakini hazisemi kinachodhaniwa. “Mara” ni urefu wa juu wa lenzi ukigawanywa kwa urefu wake wa chini, basi. Panasonic FZ80 ya mwaka 2017 inaanzia milimita 20 hadi 1,200, ndiyo mara 60. Canon SX70 HS ya 2018 inaanzia 21 hadi 1,365, mara 65. Nikon P900 ya 2015 na mdogo wake P950 ya 2020 zinaanzia 24 hadi 2,000, mara 83. Nikon P1000 ya 2018 inafika 3,000, mara 125. Halafu ipo Sony RX10 IV ya 2017, inayoishia 600, mara 25 tu, na ndiyo ya bei kubwa kuliko zote. Hapo wengi hudhani muuzaji kakosea.

Hajakosea. Milimita hizo za boksi ni za kulinganishia, zimekokotolewa kana kwamba kamera zote zina kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani. Lenzi yenyewe ina urefu wake halisi, na umeandikwa kuzunguka kioo cha mbele, pamoja na namba ya mwanga. Kwenye P950 utasoma 4.3–357 na 2.8–6.5. Chukua ile kubwa, 357, uigawanye kwa 6.5: unapata milimita 55. Huo ndio upana wa tundu ambalo mwanga wa mnyama unapita lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho. Tundu likiwa pana, mwanga unaingia mwingi na vitu vyembamba vinatengana. Likiwa jembamba, unaweza kuvuta upendavyo, kope zitabaki wanja.

Ukilinganisha kwa kipimo hicho, orodha nzima inabadilika sura. Kwa bei zilizotoka nazo Marekani, FZ80, dola kama 400, ina tundu la milimita 36. SX70, dola 550, ina 38. P950, dola 800, ina 55. P1000, dola 1,000, ina 67. Na Sony ya dola 1,700? Gawanya 220 kwa 4: milimita 55, sawasawa na P950 ya chini ya nusu ya bei yake.

Hili lilinishangaza, na nililirudia mara mbili kwa kalamu. Maana yake ni kwamba twiga akiwa mbali, kiasi ambacho picha ya Sony lazima ikatwe ili ilingane na mvuto wa 2,000, kamera hizo mbili zimekusanya mwanga uleule kutoka kwa twiga yuleyule. Picha ya Sony ya megapikseli 20 ikikatwa hivyo hubakiwa na chini ya 2. Ukubwa wa kihisi chake, ambacho eneo lake ni karibu mara nne ya vihisi vya hizo nyingine, unalipa pale mnyama anapokuwa karibu kiasi cha kujaza picha kwa milimita 600. Kwa lenzi ya urefu huo, picha inabeba upana wa kama mita sita kwa umbali wa mita mia moja. Tembo anaenea humo vizuri. Basi anayepiga tembo na nyati karibu na barabara, alfajiri au magharibi, na anayeuza picha zake, ana haki ya kulipa bei ya Sony. Klabu ya shule haina haki hiyo.

Majaribio yenyewe tuliyafanya Kilosa kwanza, kwa sababu hayagharimu kitu. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, upande wenye kivuli, hesabu hatua arobaini, weka kamera juu ya meza iliyotulia na utumie saa ya kujipiga ili kidole kisiitikise. Vuta hadi mwisho. Piga kwa ISO 100, kisha 400, kisha 1,600. Halafu soma maandishi madogo ya habari, usisome kichwa cha habari. Kichwa kitasomeka kwa kamera yoyote. Kwenye ISO 100 kamera zote mbili zilisoma aya nzima. Kwenye 1,600 ile ya tundu dogo ilikuwa imejaa chengachenga, na pale programu yake ilipojaribu kuzifuta, ilifuta na nukta za herufi i. Ndicho kilekile kilichozipata kope kule Mkata.

Jaribio la pili ni nyaya za umeme dhidi ya anga jeupe la mchana. Tazama kingo za waya: zikiwa na utando wa zambarau upande mmoja, lenzi haikusanyi rangi zote mahali pamoja. Utando mwembamba unavumilika. Mnene utauona tena kwenye pembe za swala na kwenye matawi makavu. Nyaya za nyumbani zinatosha. Za reli ya SGR inayopita Kilosa zinavutia zaidi, ila reli na stesheni ni miundombinu ya taifa, na mtu mwenye lenzi ndefu karibu nayo anatakiwa kuomba ruhusa kwanza.

Jambo ambalo Kilosa haikutufundisha, Mkata ilitufundisha asubuhi moja. Jua likishapanda, ardhi ya uwanda ule hutoa joto, hewa inaanza kuchezacheza, na mnyama wa mbali huonekana kama yuko ndani ya maji. Tulipiga kundi la pundamilia kama mita mia tano hivi. Picha ya saa moja na nusu ilikuwa na milia. Ya saa nne na nusu, kamera ileile, mfuko uleule wa maharage, ilikuwa na mawimbi ya kijivu. Hakuna lenzi inayotibu hilo, na lenzi ndefu zaidi hulikuza hilohilo. Ndiyo maana sikushauri P1000 kwa Mikumi, ingawa tundu lake ndilo pana kuliko yote. Ina karibu kilo moja na nusu, ambayo mtoto wa kidato cha pili ataichoka kabla ya kufika mabwawa ya viboko, na mvuto wake kati ya 2,000 na 3,000 utautumia saa mbili tu za asubuhi na kwa mwezi usiku.

Basi tundu la 55 la Nikon lilitosha, na kilichobaki ni mpya au iliyotumika. P900 iliyotumika ina tundu lilelile la 55 kama P950. Inachokosa ni faili ghafi za RAW na video ya 4K, na klabu hii haikuhitaji vyote viwili. Lakini kamera iliyotumika ikaguliwe kwa macho makali. Lenzi hizi hujichomoa na kujirudisha, na kila zinapotoka huvuta hewa ndani, pamoja na vumbi. Huwezi kuifungua nyumbani ukafuta. Baya zaidi ni fangasi. Miaka ya nyuma nilinunua kamera ya mtumba kwenye duka moja, nikaijaribu palepale, picha safi. Masika yalipokwisha nikaona nyuzi kama utando wa buibui zimeenea nyuma ya kioo. Zilikuwa zimeanza kabla sijalipa, mimi sikutazama. Siku hizi naivuta lenzi hadi mwisho, namulika tochi ya simu kwa pembeni, natazama ndani kwa dakika nzima, na muuzaji asubiri. Kisha navuta na kurudisha mara kumi nikisikiliza: mota ikikwaruza, narudisha kamera mezani.

Klabu ilichukua P900 iliyotumika, baada ya kukataa mbili, moja kwa vumbi na moja kwa kukwaruza. Chenji iliyobaki mweka hazina alitaka iingie kwenye begi na stendi ya miguu mitatu. Nilimwomba asinunue stendi, maana ndani ya hifadhi hushuki kwenye gari popote upendapo. Badala yake tulishona mfuko wa kitenge, tukaujaza maharage kilo mbili, na pesa ile ikalipia malazi ya usiku mmoja Mikumi mjini, ili gari liwe langoni saa kumi na mbili kamili, hewa ikiwa bado imetulia.