Uhakiki wa Hoja katika Mtihani wa GMAT: Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ipo kasumba kwamba aliyesomea Kiswahili hana nafasi katika mitihani ya kimataifa ya kujiunga na shahada za uzamili. Mwenzetu mmoja, aliyehitimu shahada ya kwanza katika Kiswahili na sasa anataka kusomea usimamizi wa biashara, nusura aiamini. Katika zoezi lake la kwanza la uhakiki wa hoja alikosa zaidi ya nusu ya maswali, akakilaumu Kiingereza. Tangu hapo, sisi watatu hukutana kila Jumamosi katika nyumba ya kupanga mtaani Fedha, Nairobi, kufanya mazoezi. Makala haya yanafafanua tuliyojifunza: kwamba tatizo halikuwa lugha, bali namna ya kusoma.

GMAT hutumiwa na vyuo vingi vya biashara duniani kuteua wanafunzi. Katika muundo ulioanza Novemba 2023, sehemu ya lugha ina maswali 23 yanayojibiwa kwa dakika 45. Mengine ni ya ufahamu, mengine ya uhakiki wa hoja. Kila swali la uhakiki lina kifungu kifupi na majibu matano ya kuchagua. Aghalabu kifungu hicho huwa na ushahidi na hitimisho. Kati ya viwili hivyo pana dhana isiyotamkwa, ambayo bila yake hoja haisimami. Mtahiniwa huulizwa aitambue dhana hiyo, au ateue kauli inayoitia hoja nguvu ama kuidhoofisha.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe, wenye majibu matatu tu:

“Baada ya Barabara ya Outer Ring kupanuliwa, wapangaji wengi walihamia Fedha. Kwa hivyo, upanuzi huo ndio uliowavuta.” Ni kauli ipi, iwapo ni kweli, inayoidhoofisha hoja hii zaidi?

(a) Barabara hiyo bado huwa na msongamano wa magari asubuhi.
(b) Katika kipindi hicho, kodi ya nyumba ilipanda maradufu katika mitaa jirani, ilhali ya Fedha haikubadilika.
(c) Baadhi ya wapangaji wa Fedha wana magari yao wenyewe.

Mwenzetu aliteua (a) bila kusita, kwani yeye hukwama ndani ya matatu kila asubuhi. Hapo ndipo alipopotoka: alijibu kwa tajriba yake, si kwa hoja iliyokuwa mbele yake. Barabara yaweza kuwa na msongamano na bado ikawa bora kuliko ilivyokuwa. Kauli (c) haigusi sababu ya kuhama. Jibu ni (b), maadamu linaleta sababu nyingine. Tukio kufuata jingine si ithibati kwamba la kwanza ndilo chanzo.

Kutokana na makosa kama hayo, tulijiwekea utaratibu. Kwanza, tafuta hitimisho kabla ya kutazama majibu. Pili, ieleze hoja nzima kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, ukishindwa, hujaielewa. Tatu, katika swali la dhana, ikanushe kila kauli: ile ambayo ikikanushwa hoja huporomoka ndiyo dhana yenyewe. Nne, weka daftari la makosa, uandike ni kitu gani kilichokuvuta kwenye jibu lisilo sahihi. Saa itumike baadaye, hatua hizi zikishazoeleka.

Mwanafunzi wa Kiswahili si mgeni wa kazi hii. Tunaposema dalili ya mvua ni mawingu, twajua kwamba si kila wingu hunyesha. Dalili si uthibitisho. Tunapohakiki riwaya, hatukubali dai lisilo na ushahidi kutoka katika matini. Uhakiki wa hoja hudai nidhamu iyo hiyo.

Mwenzetu bado hajaufanya mtihani wenyewe. Hata hivyo, siku hizi anapokosa swali halaumu tena Kiingereza. Hulifungua daftari lake na kuuliza ni dhana gani iliyompita.