Simu ya mtumba imekataa laini? Soma haya kabla ya kumlipa fundi

UMENUNUA simu ya mtumba Garissa mjini, tuseme kwa elfu nne. Skrini ina mikwaruzo kidogo lakini kamera iko sawa na betri inashika chaji. Umefika nyumbani, umetia laini mpya, na simu inakuangalia tu. Hakuna mtandao, hakuna M-Pesa, na aliyekuuzia ashakwambia pesa hairudi.

Wengi hapo hukimbilia kwa fundi. Leo anaitisha mia tano ya kuflashi, kesho elfu moja ya kufungua loki, na wiki ikiisha umelipa karibu nusu ya bei ya simu ilhali laini bado imelala.

Tulia kwanza. Laini ikikataa kuwaka, shida mara nyingi iko katika mojawapo ya mambo manne: simu, kadi, mtandao wa mahali ulipo, au jina ambalo laini imesajiliwa nalo. Hayo matatu ya mwanzo yana dawa ya fundi au ya duka la kampuni ya simu. La nne haliko ndani ya simu kabisa, na kwa kijana wa Kaskazini Mashariki ndilo linaloweza kumgharimu zaidi.

Anza na jaribio la bure

Tafuta rafiki ambaye simu yake inafanya kazi vizuri. Toa laini yako uitie kwenye simu yake, kisha chukua laini yake uitie kwenye simu yako. Dakika tano tu.

Laini yako ikiwaka kwake, basi simu yako ndiyo yenye kasoro. Laini yake ikiwaka kwako na yako ikigoma kote kote, kasoro iko kwenye kadi au usajili. Zote mbili zikigoma hata kwenye simu yake, huenda mtandao wa eneo lenu umeanguka.

Ukishajua hilo, hakuna atakayekuuzia dawa ya ugonjwa usio wako.

Ikiwa shida ni simu

Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI, ambayo ni kama kitambulisho cha simu yenyewe. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Linganisha namba hiyo na iliyoandikwa kwenye boksi, au chini ya betri kama simu ni ya zamani ya kufunguka mgongo. Zikitofautiana, au ukiona sufuri tupu, simu hiyo imechezewa. Kuna simu ambazo IMEI hupotea baada ya kuflashiwa vibaya, na bila IMEI laini haishiki hata ufanye nini. Nyingine hubadilishwa makusudi kwa sababu ziliibwa.

Usilichukulie hili kwa mzaha. Kwa sheria ya Kenya, kupatikana na mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa kunaweza kukufunga hadi miaka 14. Pia kumbuka mwaka 2012, wakati tume ya mawasiliano ilipoagiza simu feki zizimwe kwenye mitandao yote. Zaidi ya simu milioni moja zilinyamaza mwishoni mwa Septemba mwaka huo, na waliozinunua ndio waliopata hasara.

Kama IMEI iko sawa, angalia loki. Hapa kwetu simu nyingi huletwa na jamaa walio ng'ambo. Binamu anatoka Minneapolis likizo, anakuachia simu yake ya zamani, nawe unafurahi kweli. Lakini huko Marekani simu nyingi huuzwa kwa mkopo na kampuni za mtandao, zikiwa zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Ukitia laini ya Kenya utaona maneno kama "SIM not supported", au simu itakuitisha namba ya siri ya kuifungua.

Usianze kubahatisha namba hizo. Simu huruhusu mara chache tu, kisha hujifunga moja kwa moja. Njia iliyo salama ni binamu mwenyewe kuiomba kampuni iliyomuuzia iifungue kwa kutumia IMEI, mradi awe amemaliza kulipa deni. Kwenye iPhone unaweza kuhakikisha mwenyewe: ingia Settings, kisha General, kisha About, utafute "Carrier Lock". Ukikuta "No SIM restrictions", simu iko huru.

Loki ya akaunti ni kitu kingine. Simu ikikuitisha barua pepe na neno la siri la mtu usiyemjua, hiyo ni akaunti ya Google au Apple ya mwenye simu wa kwanza. Anayeweza kuiondoa ni yeye. Muuzaji akikwambia mwenyewe hapatikani, rudisha simu.

Halafu kuna masafa. Mtandao wa 2G wa Kenya hutumia masafa ya 900 na 1800, ilhali Marekani walitumia 850 na 1900. Simu nyingi za kisasa hushika yote, lakini baadhi ya simu za zamani za kule hushika mtandao nusu nusu tu. Nyingine zilitengenezwa kwa mfumo wa CDMA, ambao si GSM tunayotumia hapa. Simu ya namna hiyo hakuna fundi wa kuiponya.

Ikiwa shida ni kadi

Simu za zamani zilitumia kadi kubwa, baadaye ikaja ndogo, kisha ile ndogo kabisa. Ukiona mtu anachukua makasi aikate kadi yako ili iingie, mzuie. Akiipinda kidogo tu, kadi imekufa. Kadi mpya kwa kawaida huja na alama za kuvunjia saizi zote tatu. Na kama unatia kadi ndogo kwenye simu ya nafasi kubwa, tumia fremu yake, la sivyo itateleza na kukwaruza pini za ndani.

Kwa simu ya laini mbili, jaribu nafasi zote mbili. Kwenye simu nyingi za zamani nafasi moja tu ndiyo inayoshika 3G au 4G, na ya pili hubaki 2G.

Kama kadi inaitisha PIN na huijui, simama hapo hapo. Ukikosea mara tatu itaitisha PUK, ambayo imeandikwa kwenye ile kadi kubwa ya plastiki ulikobandulia laini. Ukikosea PUK mara kumi, laini imezikwa. Kwa hivyo usitupe ile plastiki kubwa.

Ikiwa shida ni mtandao

Huku kwetu minara hulengwa na magaidi. Mara kadhaa Al-Shabaab wamelipua minara ya simu Mandera, Wajir na Garissa, na vijiji vizima vikakaa kimya kwa siku au wiki. Kwa hivyo ukiwa nje ya mji na simu za wenzako wote hazishiki, simu yako haina kosa lolote.

Ukitoka mjini, badilisha mpangilio wa mtandao kutoka "4G only" uwe wa kujichagulia. Simu nyingi za zamani haziwezi kupiga kupitia 4G, hushuka 3G au 2G ndipo sauti ipite. Ukiifungia 4G, haitapiga wala kupokea.

Je, unapiga simu vizuri lakini intaneti haiingii? Fungua sehemu ya APN. Kwa Safaricom andika safaricom, jina la mtumiaji saf, neno la siri data. Kisha angalia tarehe. Simu iliyofutwa kila kitu inaweza kurudi miaka mingi nyuma, na ikiwa tarehe si sahihi programu nyingi hukataa kufunguka. WhatsApp nayo iliacha kutumika kwenye Android za chini ya 5.0 tangu Oktoba 2023, kwa hivyo uliza simu ni Android gani kabla hujatoa pesa.

Ikiwa shida ni jina

Sasa tufike penye uzito. Kenya hairuhusu laini isiyosajiliwa, na usajili unataka kitambulisho. Huna ID, huna laini ya jina lako.

Kwingine kijana akifikisha miaka 18 huenda akachukua ID bila hadithi ndefu. Kaskazini Mashariki kwa miongo mingi ilikuwa lazima upite mchujo wa ziada mbele ya wazee na maafisa, uthibitishe kwamba wewe ni Mkenya kweli. Wazazi wetu hawajasahau zoezi la 1989, Wakenya Wasomali walipochujwa na kupewa kadi zao za pekee. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir, alitia saini agizo la kuondoa mchujo huo.

Kuna pia waliosajiliwa mara mbili. Hawa ni Wakenya ambao wakati wa ukame, wengine wakiwa watoto, waliandikishwa kambini Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu au shule. Alama zao za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi, na walipoomba ID wakakataliwa. Shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa lilifikisha jambo hilo Mahakama Kuu, na mapema 2025 mahakama ikawapa haki.

Kijana asiye na ID hufanya nini? Hutumia laini ya mjomba, ya jirani, au hununua iliyosajiliwa tayari kwa jina asilolijua. Inafanya kazi vizuri, hadi siku simu inapoibwa au kadi inapoharibika. Ukienda dukani kurudishiwa laini, wanamtaka mwenye jina, yeye mwenyewe na ID yake. Kama humjui, namba imeenda, na pesa za M-Pesa zilizomo huwezi kuziguswa wala kuzidai. Na yule mwenye jina akiamua kesho kuirudisha laini kwake, ana haki kisheria.

Wewe wa Garissa University unaongojea HELB, mkopo unataka namba iliyosajiliwa kwa ID yako. Hustler Fund pia hutazama hivyo hivyo. Namba ya mjomba haitakusaidia hapo.

Basi fanya haya. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa ID yako. Ukikuta usiyoijua, iripoti. Kama ID umeshapata lakini bado unatumia laini ya jamaa, nenda naye kwenye duka la kampuni ya simu, kila mmoja na kitambulisho chake, mwombe kubadilisha umiliki. Fanya hivyo angali hai na mnaelewana. Ukiwa kwa Safaricom, bonyeza *100*100# ili laini yako isibadilishwe bila wewe kufika dukani. Kama ID bado haijatoka, laini isajiliwe na mzazi wako, si mtu wa barabarani, na usiweke pesa nyingi humo. Na kama uliwahi kukataliwa ID kabla ya 2025, rudi ukaombe tena.

Siku ya kununua

Nenda dukani na laini mbili zinazofanya kazi, za kampuni tofauti. Zitie hapo hapo, piga simu, pokea simu, fungua intaneti, fungua menyu ya M-Pesa. Bonyeza *#06# na ulinganishe. Mwambie muuzaji aifute simu kila kitu mbele yako kisha aiwashe upya; ikiitisha akaunti ya mtu, ondoka. Itisha risiti yenye jina la duka, tarehe na IMEI.

Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukichukua nusu saa kufanya hayo. Akianza kukuharakisha, maduka ya simu Garissa ni mengi, na elfu nne yako bado iko mfukoni.