UCHANGANUZI WA ANWANI ZA TOVUTI: NJIA NA VIGEZO VYAKE

Kila mwalimu mwanafunzi aliyepata kufundisha uchanganuzi wa sentensi anajua kwamba sentensi haikatwi popote. Hutengwa kwanza kiima na kiarifu, ndipo kila upande uchanganuliwe kwa zamu yake. Anayeanza na vipande vidogo kabla ya kuvitenga vikubwa hupotea njiani. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo hiyo hutawala kazi nyingine, nayo ni kuandika programu ya simu inayopokea anwani ya tovuti na kufungua somo linalotakiwa.

Na tuitazame anwani hii ya mfano:

https://shule.example/darasa/4/hisabati?zoezi=7&majina=Neema%26Baraka#mwanzo

Sehemu ya kwanza, iliyo kabla ya nukta mbili, hutaja utaratibu wa mawasiliano. Baada ya mikwaju miwili huja jina la tovuti. Hufuata njia, ambayo vipande vyake hutenganishwa kwa mkwaju: darasa, 4, hisabati. Baada ya alama ya kuuliza huja vigezo. Kila kigezo kina jina na thamani, na kati yake pana alama ya sawasawa; kigezo na kigezo hutengwa kwa alama ya &. Mwisho kabisa, alama ya # hutanguliza jina la mahali fulani ndani ya ukurasa. Mgawanyo wa sehemu hizi kuu umeelezwa katika waraka uitwao RFC 3986, uliotolewa Januari 2005, ambao Tim Berners-Lee ni mmoja wa waandishi wake. Matumizi ya & na = ndani ya vigezo ni desturi iliyoenea kutokana na fomu zinazojazwa katika tovuti.

Yafaa ieleweke kwamba alama hizi zina kazi maalumu, kwa hiyo haziwezi kutumika ovyo ndani ya maneno ya kawaida. Inapobidi kuziandika kama sehemu ya jina au thamani, hufichwa: huandikwa alama ya asilimia, kisha tarakimu mbili za hesabu ya kumi na sita. Nafasi huwa %20, alama ya & huwa %26, na mkwaju huwa %2F. Ndiyo sababu majina ya watoto wawili katika mfano wetu yameunganishwa kwa %26.

Jambo hili tulijifunza kwa hasara. Tulikuwa tumeandaa programu ndogo ya kuandika alama za wanafunzi waliofanya zoezi wawili wawili. Programu yetu ilifumbua kwanza anwani nzima, ndipo ikaikata. Hivyo %26 ikageuka kuwa & kabla ya wakati wake, na programu ikadhani kwamba hapo pana mpaka wa kigezo kipya. Mtoto wa kwanza akapata alama zake. Wa pili akasalia kama kigezo kisicho na thamani, akaandikiwa kwamba hakufanya zoezi. Kabla hatujagundua kosa, mtoto yule alikwisha kukemewa mbele ya wenzake. Anwani haikuwa na dosari yoyote. Dosari ilikuwa katika mpangilio wa hatua zetu.

Tukishatenga utaratibu wa mawasiliano na jina la tovuti, mpangilio ulio sahihi ni huu:

1. Kata kwenye alama ya #, na kilicho kulia kwake kiwekwe kando.
2. Kata kwenye alama ya kuuliza ya kwanza: kushoto ni njia, kulia ni vigezo.
3. Kata njia kwa mikwaju, na vigezo kwa alama za &.
4. Kata kila kigezo kwenye alama ya sawasawa ya kwanza tu, kwa kuwa thamani yenyewe yaweza kuwa na alama kama hiyo.
5. Sasa ndipo kila kipande kifumbuliwe peke yake.

Simu zenyewe zina vyombo vya kazi hii: katika Android kipo kiitwacho Uri, na katika iPhone kipo URLComponents. Ni heri kuvitumia kuliko kukata anwani kwa kuhesabu herufi, kwani darasa la 4 likiwa la 10 hesabu yote huharibika. Lakini chombo hakimwondolei mwandishi wajibu wa kukagua. Thamani ya zoezi, yaani 7, ni maandishi. Haiwi namba mpaka igeuzwe. Kigezo chaweza kukosekana, au kurudiwa mara mbili. Zaidi ya hayo, yeyote aipataye anwani aweza kuibadili kwa mkono wake. Ikiwa anwani ina mwanafunzi=12, mtu ataandika 13 ili asome alama za mwingine. Hatuna budi kukumbuka kwamba anwani ni ombi, wala si ruhusa. Ruhusa sharti ihakikishwe katika kompyuta inayotunza kumbukumbu, kila mara ombi linapofika.

Darasani, somo hili halihitaji simu kwa kuanzia. Mwalimu aandike anwani kwa herufi kubwa juu ya ukanda mrefu wa karatasi, awape wanafunzi mkasi, na wakate kwa kufuata hatua tano zilizotajwa. Kisha awape ukanda wa pili unaofanana na ule wa kwanza, awaagize wabandike & juu ya %26 kabla ya kukata. Wataona kwa macho yao Baraka akianguka kando na mwenzake. Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Awaulize ni hatua gani iliyotangulia isivyostahili, na awaache wajibu wenyewe.