Usukani Unaofika Kifuani: Utangulizi wa Elimu ya Magari ya Waya

Magari ya plastiki ya kuunga huzaliwa na cheti. Sanduku lina jina la kiwanda, karatasi ya maelekezo ina namba ya kila kipande, na mara nyingi mwaka umechapwa tumboni mwa gari lenyewe. Gari la waya linalosukumwa na mtoto kwenye njia ya kuteremkia Bigwa, hapa Morogoro, halina hata kimoja kati ya hivyo. Mtengenezaji hajaandika jina. Waya umetoka kwenye tairi lililochomwa, bodi imetoka jikoni kwa mama, matairi yamekatwa kwenye ndala iliyobaki mguu mmoja. Anayetaka kulisoma inambidi apige magoti, na kwa kuwa tuko wachache tuliokwisha kupiga magoti, nakukaribisha.

Tuanze na ndugu zake wa kabatini. Mwaka 1949 kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa miaka kumi nyuma na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, ilitengeneza trekta dogo la plastiki la Ferguson ili mawakala wa Ferguson wawe na kitu cha kuwaonyesha wateja. Baadaye trekta hilo likauzwa vipande vipande, mnunuzi aunge mwenyewe. Kule Marekani kampuni ya AMT ilianza vivyo hivyo mwaka 1948, ikitengeneza vigari vya kuwekwa mezani kwa wauza magari. Kwa hiyo modeli hizi za kiwandani zilianza kama mkono mrefu wa muuzaji. Mtoto wa milima ya Uluguru hakuna anayetaka kumuuzia lori. Analiunda kwa sababu amelisikia likipanda kona na hakulipanda, na mimi naona tofauti hiyo inatosha kuipa elimu hii mlango wake.

Tazama vipimo. Modeli za kuunga hufuata uwiano: 1 kwa 24, 1 kwa 25, yaani gari halisi limegawanywa sawasawa. Gari la waya halijagawanywa popote. Kipimo chake kikuu ni fimbo ya usukani, waya mnene au ufito unaotoka kwenye ekseli ya mbele, ukapita juu ya bodi kwa mshazari hadi kifuani mwa mtoto, ukaishia kwenye duara. Chini, waya hukunjwa kuishika ekseli. Ekseli yenyewe imefungwa katikati tu, kwa kitanzi kilicholegea kiasi, ili izunguke. Duara likizungushwa kulia, ekseli nzima inageuka kulia, magurudumu yote mawili pamoja, kama ya mkokoteni wa magurudumu manne. Mteremkoni fimbo hiyohiyo ndiyo breki, na si jambo dogo katika mji unaotazamwa na kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Fimbo ikiwa fupi dereva atainama na safari itamchosha. Ndiyo maana ukiona fimbo iliyoungwa kipande cha pili, dhani kwanza kuwa mtoto alirefuka. Modeli ya kabatini ni mfano wa gari. Hili ni mfano wa kuendesha. Injini iko mdomoni mwa dereva.

Mwaka wa kutengenezwa tutaujuaje? Hapa mwanafunzi mgeni hujikwaa. Akiona kopo la kahawa ya Africafe kwenye bodi anatulia, kumbe kopo humwambia tu gari haliwezi kuwa la kabla ya lini. Halimwambii limetengenezwa muda gani baada ya hapo, kwa sababu kopo zuri hukaa na misumari miaka mingi kabla halijawa lori. Umbo nalo lina ukaidi wake. Morogoro haikukosa vya kuigwa: reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1907, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, malori ya Fiat ya kampuni ya Zambia na Tanzania yalipita hapa na matela yakibeba mafuta na shaba, na miaka ya 1980 malori ya Scania yaliunganishwa Kibaha, kwenye barabara hiihii ya Dar es Salaam, kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka nje. (Naipenda sana habari hiyo: lori zima, la watu wazima, lililokuja kama modeli ya kuunga.) Lakini pua iliyojaa kona ya Land Rover ni rahisi kukunja kuliko pua ya duara, kwa hiyo inaendelea kukunjwa hata pale ambapo magari yenyewe yameadimika. Umbo huonyesha mkono unaweza nini sawa na jicho limeona nini.

Ushahidi ulio imara zaidi uko kwenye maungio. Hakuna kulehemu: waya mwembamba, mara nyingi wa shaba uliofumuliwa kwenye koili ya mota mbovu, huzungushwa juu ya waya mnene. Hesabu mizunguko, angalia ilikoelekea na jinsi ncha ilivyofichwa ili isichome. Fundi mmoja hubadilisha muundo wa lori mara kumi, lakini namna yake ya kufunga habadilishi.

Magari ya mabua ya mtama au mahindi sitayasema sana, maana hunyauka kabla hayajafika kwenye daftari. Ila ya waya hudumu, na bado kabati nyingi za makumbusho hazina hata moja. Mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti cha unyago wa Wazaramo, Wakwere na Waluguru, kilisafirishwa hadi Ulaya na kuwekwa nyuma ya kioo. Gari la waya, kutoka vijiji hivyohivyo, liliachwa jalalani. Nadhani wakusanyaji waliona cha kwanza ni utamaduni na cha pili ni takataka iliyoiga vitu vyao.

Kulitengeneza upya ni kazi ya moyo mgumu. Wenzetu wa plastiki hulitumbukiza gari la zamani kwenye mafuta ya breki rangi itoke, hulitia kwenye friza ili gundi iachie, na bado hushindwa na magari ya kwanza ya plastiki ya AMT, ambayo asetati yake hujipinda yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Gundi yao huyeyusha plastiki hata vipande viwili vikawa kimoja. Sisi kwa bahati tunaweza kufungua kila kitu, na kwa bahati mbaya tunatamani kufanya hivyo. Usinyooshe waya uliopinda: kila unapokunjwa unazidi kukakamaa, halafu unakatika palepale ulipopendeza. Kutu ilegeze kwa tone la mafuta ya taa. Tairi la ndala lililoanza kusagika liweke gizani, mbali na joto, na lisibadilishwe. Kama gari lazima liendeshwe tena, nami huwa nataka liendeshwe, lifungie matairi mengine na ya zamani uyahifadhi kwenye bahasha yenye jina lake.

Kabla ya yote hayo kuna swali. Ukimkuta dereva njiani, msalimie, kisha muulize hilo ni gari gani. Mgeni husubiri jina la kampuni. Mimi mara nyingi nimejibiwa kwa njia ya milimani linayopita: la Mgeta, la Matombo. Andika jibu hilo kwanza, ndipo utoe rula.