Taharuki katika Masimulizi: Ngano ya Masala Kulangwa

Taharuki hufasiliwa mara nyingi kuwa ni hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachotokea. Fasili hiyo yatosha kwa mtihani, lakini yayumba inapopimwa kwa fasihi simulizi. Nkoma, kata ya Wilaya ya Itilima ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Bariadi, imo katika eneo la Wasukuma, na miongoni mwao hakuna ngano mashuhuri kuliko ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Hadhira huujua mwisho wake tangu utotoni. Hata hivyo husikiliza kwa wasiwasi.

Zimwi limemeza watu na mifugo yote. Amesalia mwanamke mjamzito aliyejificha katika pumba. Mwanawe anapokua na kuelezwa yaliyotokea, anatoka kulisaka zimwi. Anamletea mama panzi: je, ndiye? Siye. Analeta ndege, siye. Analeta swala, siye.

Hapa hakuna siri yoyote. Hadhira inajua zaidi ya shujaa, na ujuzi huo ndio unaoitia hofu. Kila jibu la mama linamkuza Shing'weng'we bila fanani kutamka neno lolote juu ya umbo lake: kama swala ni mdogo, je, mwenyewe? Aidha, kila safari inamwondoa mtoto mbali zaidi na nyumbani. Urudiaji, ambao baadhi ya wahakiki huuona kuwa udhaifu wa ngano, ndio unaoibeba taharuki.

Shaaban Robert alitumia muundo wa jamaa hiyo katika Kusadikika (1951). Baada ya mjumbe wa pili msomaji anakwisha kukisia yatakayompata wa tatu. Hukumu ya Karama mwenyewe ndiyo inayoning'inia. Kinyume chake ni Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ambamo msomaji hunyimwa kile ambacho Bwana Msa amekwisha kuking'amua. Njia hiyo ni halali, ila hupungua nguvu kitabu kisomwapo mara ya pili.

Hata kifo cha zimwi hakiizimi taharuki ya Wasukuma. Masala Kulangwa anapolipasua ili kuwatoa waliomezwa, kisu kinakata sikio la bikizee mmoja, naye anatoka akiwa na hasira, akitafuta uchawi wa kumwangamiza mwokozi wake.